Kupiga Hodi kwa Jina la Mwenzio

 

Waislamu wenzetu wa Malindi, Mambrui, Takaungu, Kilifi na Mtwapa, limezuka jambo ambalo wengi wetu twalihisabu kuwa dogo, na baadhi yetu hatujui hata kuwa lipo, ilhali limekwisha kuingia majumbani mwetu. Mtu hufungua barua pepe zake akakuta barua yenye jina la mwenzake na picha ya mwenzake, yamwambia: fulani akualika ujiunge naye katika mtandao wa kujuana. Asipojibu, baada ya siku chache huja ya pili: fulani bado angoja jawabu lako. Kisha huja ya tatu. Akikutana na huyo fulani msikitini baada ya sala ya Isha akamwuliza, yule hushangaa, akasema hakuandika kitu, wala hana khabari kuwa barua imekwenda. Na wote wawili ni wakweli.

Hili ndilo tutakalo kulisemea, kwa kuwa limeulizwa darasani zaidi ya mara moja. Na waliouliza hawakuuliza khabari za mitambo. Waliuliza kama pana dhambi, na kama ipo ni ya nani.

Kwanza na tueleze linavyokuwa, kwani asiyekijua kitu hawezi kukihukumia. Kijana wetu amemaliza masomo, au msimu wa wageni umekwisha na hoteli imempunguza kazini, naye ameambiwa kuwa siku hizi kazi hutafutwa mtandaoni. Ajiandikisha. Aulizwa jina lake, shule yake, na kazi alizokwisha kufanya. Kisha watokea ukurasa wenye kumwuliza: je, wataka kuwaona watu uwajuao waliokwisha kufika hapa? Chini yake pana kitufe kikubwa chenye rangi ya kupendeza, na neno la kukataa limeandikwa kwa herufi nyembamba pembezoni, kama mtu aliyeona haya kusimama mlangoni. Kijana abonyeza kile kikubwa. Pengine aulizwa na neno lake la siri la barua pepe, naye atoa. Kumbe kwa tendo hilo moja amekabidhi daftari lake zima la anwani. Ndani yake yumo mwalimu wake wa chuo, yumo shangazi yake wa Lamu, yumo mgeni wa Kitaliana aliyempeleka Gede miaka sita iliyopita, yumo mwenye duka anayemdai, na yumo mke wa jirani aliyemwandikia mara moja tu kwa ajili ya ada ya mtoto. Wote hao wapelekewa barua kwa jina lake, naye amelala.

Msidhani kuwa twasema kwa dhana. Mwaka 2013 baadhi ya watu huko California waliishitaki kampuni ya LinkedIn kwa jambo hili hili: kuwa imechukua anwani za watu wanaojuana nao, ikawapelekea mwaliko kwa majina yao, na waalikwa wasipojibu ikawapelekea barua mbili nyingine za kuwakumbusha. Juni 2014 hakimu Lucy Koh alitoa uamuzi ambao sisi twaona wafaa kuzingatiwa. Alisema kuwa wale waliobonyeza walikuwa wameridhia barua ya kwanza, lakini hapakuwa na ushahidi kuwa waliridhia zile mbili za kufuatia, basi kwa hizo kesi iendelee. Mwaka 2015 kampuni ilikubali kutoa dola milioni 13 ili shauri limalizwe, pasi na kukiri kosa. Na suluhu hiyo ikawahusu walioutumia mpango ule baina ya Septemba 2011 na Oktoba 2014.

Kabla ya hapo, mwaka 2009, mtandao mwingine uitwao Tagged ulikubali kulipa dola 750,000 kwa serikali za New York na Texas. Huo ulizidi: barua zake zilimwambia mtu kuwa rafiki yake amemwekea picha za kutazama, na picha hazikuwapo. Facebook nayo ilikiri Aprili 2019 kuwa tangu Mei 2016 ilikuwa imechukua madaftari ya anwani ya watu wapya wapatao milioni 1.5 bila ya rukhsa yao, ikasema haikukusudia. Sisi si wenye kupima nia za watu, nia aijuaye ni Mola. Lakini miaka mitatu ni muda mrefu kwa mkono kukaa ndani ya mfuko wa mwenzio bila ya kukusudia.

Na sababu ya haya yote si siri. Mtandao wa namna hii hauna bidhaa ila watu. Wakiwa wengi una thamani, wakiwa wachache hauna. Na mtu haji kwa tangazo la kampuni asiyoijua, bali huja kwa kuitwa na ndugu yake. Kwa hiyo tangazo huvishwa kanzu ya ndugu. Mahkama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani ililiona hili Januari 2016, ilipohukumu kuwa barua za mwaliko ambazo Facebook iliwapelekea watu wasiokuwa wanachama wake ni matangazo ya biashara yenye kuudhi, ingawa juu yake paliandikwa jina la rafiki.

Sasa na turejee kwetu. Mtoto wa pwani hufundishwa hodi kabla hajafundishwa kusoma. Hufundishwa asimame kando ya mlango, asiukabili uwazi wake; apige hodi na atoe salamu; asipojibiwa arudie, na akirudia mara ya tatu pasi na jawabu ageuke aende zake bila ya kinyongo. Haya si mila tu ya kujipambia ustaarabu. Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nur ametukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tutake idhini na tuwasalimu wenyewe, na akasema kuwa tukiambiwa turudi basi turudi, hilo ndilo safi zaidi kwetu. Abu Musa Al-Ash'ari alibisha kwa Sayyidna Umar mara tatu, asiitikiwe, akarudi. Umar alipomwuliza kwa nini amerudi, akamweleza kuwa ndivyo Mtume alivyoamrisha, na Umar hakukubali mpaka aletewe shahidi, akaja Abu Said Al-Khudri akashuhudia. Tazameni uzito wa jambo hili kwao: Amirul-Muuminina ataka shahidi katika mas'ala ya kubisha mlango!

Mwaweza kusema: basi na hizo barua ni tatu, si zimo ndani ya idadi ile ile? La. Hodi tatu zimewekwa kwa faida ya mwenye nyumba, ili apate nafasi ya kunyamaza. Kunyamaza kwake ni jawabu, na jawabu lake ni kuwa hataki au hawezi. Lakini hizi barua kunyamaza kwako huzifanya kuwa ni deni. Zakuandikia kuwa mwenzio bado akungoja, upate kuona haya. Na huyo mwenzio hangoji kitu.

Pana jambo kubwa kuliko hilo. Jabir bin Abdillahi alikwenda kwa Mtume, rehema na amani zimfikie, kwa ajili ya deni la baba yake, akabisha. Akaulizwa: nani? Akajibu: mimi. Mtume akalirudia neno lile kwa namna ya kulichukia, kwa sababu "mimi" haimjulishi mwenye nyumba ni nani aliye mlangoni. Basi ikiwa aliyesema "mimi", na kweli alikuwa ni yeye, neno lake lilichukiwa kwa kuwa halikubainisha, twaseme nini juu ya mwenye kubisha akataja jina la mtu mwingine? Si kuwa ameficha jina lake tu, bali amemzulia mwenzake kuwa ndiye aliyesimama pale. Hii ni ghushi mbili kwa pamoja: ameghushiwa mwenye mlango, na ameghushiwa mwenye jina.

Tuliletewa kisa katika mitaa ya mji wetu, nasi hatutaji mtu wala mtandao uliohusika. Mke wa mtu alipata barua tatu za mwaliko kwa jina la mwanamume wa mtaa wa pili, na picha yake ikicheka. Mume aliziona simuni kwa mkewe. Kwa muda wa siku tisa nyumba ile haikuwa na maneno ila ya lazima, na yule mwanamume alipopita barazani salamu yake haikuitikiwa, naye hajui kosa lake. Mpaka wazee wawili walipokaa nao ndipo ilipojulikana kuwa alikuwa amejiandikisha mahali kwa ajili ya kutafuta kazi ya udereva, na anwani ya yule bibi ilikuwa katika simu yake kwa sababu za kamati ya madrasa. Siku tisa, ndugu zetu! Na lau mume asingekuwa mtu wa subira, tungekuwa twazungumza khabari ya talaka. Kule Marekani watu walilipwa fedha kwa ajili ya kuudhiwa. Huku kwetu jina la mtu ni sitara yake, na aibu ikitoka hailipiki kwa dola.

Kisa kingine ni kifupi. Mzee mmoja aliyefariki, na ambaye wengi wetu tulimzika, aliendelea kuwaalika watu. Barua zilikuja kwa jina lake katika eda ya mjane wake, zikiwaambia wanawe kuwa baba yao angoja jawabu lao. Hatuna la kuongeza hapo.

Je, dhambi ni ya nani? Wanavyuoni wetu wameieleza wakala waziwazi: wakili hatendi ila lile aliloamrishwa, na akizidisha, ziada hiyo si juu ya aliyemweka. Ukimtuma mtu akupelekee salamu kwa mmoja, naye akazipeleka kwa mia nne, hukusema wewe. Basi lile lililofanywa na kampuni bila ya kukujulisha ni juu ya kampuni, wala hujaingia dhambini kwa jambo usilolijua wala kulikusudia. Wala haifai kumwita muongo aliyetumiwa jina lake. Suratul-Hujurat imetuamrisha kubainisha khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga tukabaki na majuto, na imetukataza dhana mbaya na kupeleleza. Mwenye kupata mwaliko asioutarajia na amwulize mwenyewe kwa mdomo au kwa simu kabla hajajenga kitu moyoni.

Lakini hapa ndipo baadhi ya watu hupenda kukomea, nasi hatukomei. Zile anwani na zile nambari zilizomo simuni mwako si mali yako. Umepewa. Yule bibi alipokupa nambari yake kwa ajili ya madrasa, alikupa kwa ajili ya madrasa. Hiyo ni amana, na mwenye amana akiiacha mlango wazi akaibiwa hasemi kuwa hakuiba yeye akaondoka. Mwenye kubonyeza "nakubali" bila ya kusoma, huku akijua kuwa ndani ya simu yake yamo majina ya watu wa nyumba za wenzake, amefanya uzembe katika kitu kisicho chake. Akiwa hakujua, kutojua kwamwondolea dhambi. Baada ya kujua hapana udhuru.

Na wala msidhani kuwa mambo haya ni ya mitandao ya ng'ambo peke yake. Hapa Kenya yametufika kwa mlango mchungu zaidi, nao ni mikopo ya simu. Mtu akopa shilingi elfu mbili kwa programu, na programu yasoma daftari lote la simu yake. Akichelewa siku tatu, hupigiwa simu mama mkwe wake, na mwajiri wake, na imamu wake, na mtu aliyeuziana naye baiskeli mwaka juzi, wote waambiwa fulani hataki kulipa. (Riba iliyomo humo ina mahali pake pa kusemewa, leo twasema juu ya majina.) Benki Kuu iliweka kanuni mwaka 2022 za kuwakataza wakopeshaji hao kuwasumbua watu waliomo katika simu ya mkopaji. Na Kamishna wa Data, ambaye ofisi yake imesimama juu ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, aliitoza kampuni ya Whitepath faini ya shilingi milioni 5 mwezi wa Aprili 2023 baada ya malalamiko mengi ya namna hii, na Septemba ya mwaka huo huo akaitoza Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari zilizopatikana kwa watu wengine kuwapelekea ujumbe wa vitisho. Wengi kati yetu wakumbuka pia Juni 2021, watu walipotazama na kujikuta wameandikwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakupata kuvikanyaga. Mlango ni ule ule: jina lako hutumiwa, nawe hukuulizwa.

Tusipojitazama wenyewe tutakuwa tumeandika nusu ya khabari. Nani asiyeamka asubuhi siku hizi akajikuta ndani ya kundi la WhatsApp la arusi asiyoijua, au la mchango, au la darasa? Nambari yake imekuwa mbele ya watu mia mbili, wanaume na wanawake, wa mji huu na wa miji mingine. Akitoka, aambiwa ana kiburi. Waandalizi wakiulizwa husema: sisi twalingania kheri. Twawajibu kuwa hata aletaye sadaka hupiga hodi. Hakuna aliyesema kuwa mwenye kubeba sahani ya futari aingia mpaka ukumbini bila ya kubisha kwa sababu ndani ya sahani mna kheri. WhatsApp wenyewe walilazimika Aprili 2019 kuweka njia ya mtu kuchagua nani aweza kumtia katika kundi. Nayo ni aibu kwetu kuwa wafanya biashara wametutangulia katika adabu tuliyoipokea karne kumi na nne zilizopita. Wenye makundi na wawe na desturi ya kumwandikia mtu kwanza: pana kundi la jambo hili, wataka kuingia? Akinyamaza, ndio hodi isiyoitikiwa.

Ama la kufanya, ni jepesi kuliko watu wanavyodhani. Usimpe mtandao wowote neno la siri la barua pepe yako, hata ukiambiwa ni kwa ajili ya kuhakikisha kuwa ni wewe. Programu ikitaka kusoma majina yaliyomo simuni, kataa. Nyingi hufanya kazi hivyo hivyo. Zile ulizokwisha kuziruhusu, fungua mipangilio ya simu, tazama mahali pa ruhusa za programu, na uziondolee ruhusa hiyo moja baada ya moja. Jua kuwa kuifuta programu simuni hakufuti majina yaliyokwisha kuchukuliwa. Hayo hufutwa ndani ya mtandao wenyewe, katika mahali panapoonesha anwani ulizozipakia, na mitandao mikubwa inapo mahali hapo ijapokuwa wamepaficha. Wazee wasiojua na wakae na wajukuu wao saa moja. Na wajukuu wasiwafanyie haraka.

Aliyedhulumiwa asione unyonge kushitaki. Katiba ya 2010 katika kifungu cha 31 imempa kila mtu haki ya siri za nyumba yake na mawasiliano yake, na sheria ya 2019 imemtaka Kamishna achunguze malalamiko na kuyamaliza ndani ya siku 90. Malalamiko hupokewa kwa maandishi na kwa mdomo, na hayahitaji wakili. Kuitaka haki yako kwa njia iliyo wazi si ugomvi.

Limebaki swali moja la ndugu yetu wa Kilifi. Aeleza kuwa kwa jina lake zimekwenda barua kwa watu zaidi ya mia tatu, wengine hawakumbuki ni nani, naye auliza kama yampasa awatake radhi wote. Jawabu letu ni hili. Anaowajua na kukutana nao, na awaambie kwa mdomo, na aanze na wale ambao barua ile yaweza kuwa imewaletea mashaka nyumbani, na hao awaendee mwenyewe na kuzungumza na mwenye nyumba. Waliobaki, na awaandikie barua moja fupi kutoka katika anwani yake mwenyewe, kuwa mwaliko ule haukutoka kwake, wasiubonyeze, na kuwa majina yao ameyafuta kule. Asiwaandikie kwa kupitia mtandao ule ule, kwani ataambiwa achague kitufe, na pengine barua ya kutaka radhi ikaenda mara tatu.